Nafasi Inayobaki Juu ya Pistoni

Mama alipopata kiharusi, maneno yalimtoka yote kwa mpigo, kisha yakaanza kurudi kwa mpangilio ambao hakuna aliyeutarajia. Kikuyu, lugha aliyonilea nayo, kilichelewa. Kilichotangulia ni Kiswahili chake cha biashara, kile alichojifunza akinunua mchele Wang'uru, kule Mwea, na kuuza Karatina, Nyeri na Nanyuki. Kwa hiyo mimi na yeye, ambao hatukuwahi kusemezana Kiswahili nyumbani, tukajikuta tunakiongea mezani kama watu waliokutana sokoni.

Hata hicho Kiswahili hakikuja kizima. Alikuwa akitaka sweta anasema maji. Akitaka kwenda nje anasema Jumapili. Akili yake ilikuwa pale pale, niliiona machoni, na ndiyo maana alikasirika. Mimi ni muuguzi, nimewahudumia wagonjwa wa kiharusi miaka mingi katika wadi, na nimewaambia watoto wao wawe na subira. Sikujua nilikuwa nawaomba kitu kizito kiasi gani.

Nilichukua likizo nikahamia kwake, nje kidogo ya mji wa Nyeri, katika nyumba ya mawe aliyoijenga kwa mchele. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama ndiye aliyeingia kwenye pikapu aliyoiacha na kujifunza kuiendesha huku watu wakimcheka barabarani. Pikapu hiyo ilimlisha, ikanisomesha, ikazeeka. Sasa ilikuwa imesimama kando ya zizi kwa miaka, injini imekufa tangu ilipochemka mara ya mwisho, kuku wanataga nyuma ambako magunia yalikuwa yakipangwa.

Kila asubuhi, baada ya uji, mama alichukua fimbo yake akaenda kuketi ndani ya pikapu. Upande wa dereva. Mkono wa kulia ulikuwa hauna nguvu, kwa hiyo aliushika kwa mkono wa kushoto akauweka juu ya usukani, kama mtu anayemkalisha mtoto kwenye kiti. Halafu anatulia tu, anaangalia mbele, kwenye shamba la chai la jirani.

Jirani huyo aliniambia vizuri tu, kwa nia njema, "Uza hiyo chuma, dada. Itakuwa inamkumbusha mambo."

Nikamwambia mama, "Jirani anasema tuuze gari."

Alinitazama. Midomo ikahangaika. Kisha akasema neno moja ambalo lilikuwa sahihi kabisa: "Tengeneza."

Kwa hiyo nikamtafuta fundi. Ni mtu wa makamo, mpole, ana karakana yake kwenye juakali za Nyeri mjini, na alimjua mama tangu enzi zake za barabarani. Alikuja na winchi na nguzo za mbao, akaiinua injini akaiweka chini ya paa la bati nyuma ya nyumba, kwa sababu nilimwomba kazi ifanyike hapo hapo, mama aione. Hakuuliza kwa nini. Alimsalimia kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama, leo wewe ndiye mkubwa wa kazi. Mimi nitafanya vile utasema."

Mama akacheka kicheko cha upande mmoja.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kufungua, kuosha, na kupeleka vitu kwa mashine. Silinda zilikuwa zimelika, zikachongwa zikapanuka kidogo, tukanunua pistoni mpya za saizi kubwa. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki na blanketi magotini, akisugua boliti kwa mswaki uliochovywa petroli, kwa mkono wa kushoto. Nilimwacha afanye. Vidole vyake vilinuka petroli hata wakati wa kula, na sijawahi kuona mtu anayefurahia harufu hiyo namna ile.

Shida ilikuja tulipofika kwenye hedi, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya silinda. Fundi aliigeuza juu chini, akapitisha rula ya chuma, kisha kidole.

"Hii imesawazishwa mara mingi," alisema. "Kila injini ikichemka, hedi inapinda. Inapelekwa kwa mashine, inakwanguliwa kidogo ikae sawa. Ukikwangua, haka kashimo kanapungua." Alinionyesha vile vishimo vinne, kimoja kwa kila silinda, mahali petroli na hewa vinapowaka. "Hapa palikuwa na kina zaidi ya hii."

Nilijua baadhi ya hizo mara. Moja ni wakati nilikuwa shule ya bweni, kidato cha pili. Siku ya wazazi kutembelea, wenzangu wote walikuwa wamekaa kwenye nyasi na mama zao wanakula chapati, nami nimesimama langoni. Mama alifika wazazi wengine wakianza kuondoka, ameketi juu ya lori la mtu, uso umejaa masizi, amebeba kifurushi cha chakula kimefungwa kwa leso. Injini ilikuwa imechemkia kwenye mlima wa kutoka Sagana. Tulikula haraka haraka, amenishika goti, akasema tu, "Gari iligoma." Sasa nilikuwa nimeweka kidole mahali ambapo siku ile ilikwanguliwa.

"Sasa tutafanyaje?" nikamuuliza fundi.

"Lazima tupime kompresheni tuone iko ngapi kabla ya kufunga. Tukifunga tu hivi, tunaweza kuchoma pistoni mpya."

Alinieleza akiwa amechuchumaa, na kipande cha chaki akachora kwenye sakafu ya saruji. Pistoni ikiwa chini kabisa, silinda imejaa hewa na petroli. Ikipanda juu kabisa, hiyo yote inabanwa ibaki katika nafasi ndogo iliyo juu yake. Ukijua ujazo wa mwanzo, ukajua ujazo wa nafasi inayobaki, unagawanya wa kwanza kwa wa pili. Jibu likiwa nane, maana yake mchanganyiko umebanwa mara nane. Likiwa dogo sana, gari halina nguvu. Likiwa kubwa sana, petroli inawaka kabla ya wakati wake, na injini inapiga kelele kama punje za mahindi zinazorushwa kwenye bati, mpaka itoboke.

Ujazo wa silinda ulikuwa rahisi. Alipima upana kwa venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, akapima urefu wa safari ya pistoni, nikazidisha kwenye simu: sentimita za ujazo mia nne hamsini na nne kwa kila silinda. Lakini kile kishimo cha kwenye hedi hakina umbo la kupimwa kwa rula. Kimeinama huku, kimebonyea kule, valvu mbili zimechomoza ndani yake.

"Hapo tunapima kwa mafuta ya taa," fundi akasema. "Unajaza, unaona imekunywa ngapi. Shida ni chombo. Nilikuwa na kamoja ka kioo, kakavunjika."

"Unataka chombo cha kupima mililita?"

"Eeh."

Niliingia ndani nikatoka na sirinji za mililita ishirini, mpya, kwenye karatasi zake. Fundi alizipokea akazigeuza geuza. "Sista," akasema, maana mjini wauguzi wote ni sista, "kumbe tulikuwa tunakuhitaji tangu mwanzo."

Tuliiweka hedi juu ya meza, vishimo vikiangalia angani, na fundi akaikalisha sawa kwa pimamaji. Valvu zimefungwa, plagi zimekazwa. Akapaka grisi nyembamba kuzunguka kishimo cha kwanza, akakifunika na kipande cha plastiki angavu alichokitoboa katundu, ili mafuta yaingilie hapo na hewa itokee hapo hapo. Nilivuta mafuta ya taa kwenye sirinji, nikaigonga kwa kucha kuondoa mapovu kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikainama kuanza.

Mama alinyoosha mkono wake wa kushoto.

"Unataka kufanya?" nikamuuliza.

"Leta."

Nilimweka sirinji mkononi, nikaishikilia kwa chini ili isiteleze, naye akaweka kidole gumba juu ya kisukumio. Nilimwambia asukume mstari mmoja mmoja, mililita moja moja, ili tusikose hesabu. Nikaanza kumhesabia.

"Moja," nikasema.

Akasukuma.

"Mbili."

Akasukuma. Na kwenye tatu, nikasikia sauti nyingine imeungana na yangu. Nyembamba, ya kukwaruza. "Tatu," mama alisema. "Nne. Tano."

Nikaacha kuhesabu, nikamwachia. Fundi naye aliacha alichokuwa anafanya.

"Sita. Saba. Nane. Tisa. Kumi." Kila namba ilikuja na msukumo mdogo wa kidole. Hakuniangalia. Aliangalia mafuta yanavyopanda chini ya plastiki, na namba zikamtoka moja nyuma ya nyingine kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba yake. Kumi na tano. Kumi na nane. Sirinji ilipokwisha nilijaza nyingine, nikamwekea tena, naye akaendelea pale pale alipoachia, "Ishirini na moja. Ishirini na mbili." Hakukosea hata moja. Tangu kiharusi kimpate hakuwa amesema maneno mengi hivyo yakifuatana na yote yakiwa sahihi.

Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Hapo mafuta yakagusa katundu, povu la mwisho likatoka, na kishimo kikawa kimejaa.

"Ni ngapi, mama?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Sabini," akasema, kisha akajua si hiyo, uso ukakunjamana.

Nikakumbuka nililosoma chuoni na kulisahau: mtu anaweza kupoteza namba akiulizwa, lakini akaikuta akiifuata kutoka mwanzo, kwa sababu kuhesabu kumekaa mahali pengine kichwani, pamoja na sala na nyimbo. Hakukuwa na haja ya kumsahihisha. Nikasema tu, "Tupime tena, tuhakikishe."

Tukafuta, tukajaza upya. Akahesabu tena kuanzia moja, kwa sauti zaidi, na alipofika arobaini na mbili alisimama na kuinua kidole gumba. Akafanya hivyo kwa vishimo vyote vinne. Fundi alikuwa amevua kofia yake, sidhani alijua kwamba ameivua.

Ilibaki kujumlisha. Hedi arobaini na mbili. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa katikati, nayo ina unene, na tundu lake lilibeba kama saba. Na pistoni haikufika juu kabisa, ilibaki chini kwa unene wa kucha, hapo pakawa na karibu mbili. Jumla hamsini na moja. Nikajumlisha na ile mia nne hamsini na nne, nikagawanya.

"Tisa nukta tisa," nikasema.

Fundi akapiga mluzi. "Kumi, basi. Ilitoka kiwandani na kama nane na kitu." Alisimama akajinyoosha mgongo. "Lakini unajua, huku kwetu si mbaya sana. Nyeri iko juu, hewa ni nyepesi, silinda haijai vile inajaa huko chini. Ukiweka petroli nzuri, usiharakishe, inaweza kuvumilia. Na itakuwa na nguvu, hiyo sitakuficha. Mnaenda tu kanisani na sokoni, ama?"

Nilikuwa karibu kukubali. Ni kweli sikuwa na mpango mwingine zaidi ya kanisa na soko.

"Mchele," mama akasema.

"Una njaa, mama?" nikamuuliza.

"Mchele." Akagonga fimbo chini.

"Nitapika sasa hivi, tumalize tu hii."

"Hapana! Mchele!" Alikuwa amekasirika, macho yamejaa maji. Alinyanyua ule mkono wa kushoto akauelekeza kusini, akauteremsha chini polepole, akaufikisha karibu na goti. Halafu akajipepea uso kama mtu anayesikia joto. Halafu akaupandisha mkono tena, mzito, kwa kusita, mkono wote unatetemeka, na mdomo wake ukafanya sauti, ta-ta-ta-ta-ta.

Fundi ndiye aliyeanza kuelewa. "Anaongea kuhusu Mwea," akasema taratibu.

Mama akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Eeh, eeh, eeh.

Nikapiga magoti mbele yake. "Unataka kwenda Wang'uru? Kuchukua mchele?"

"Na gari," akasema. "Mzigo."

Na huko Mwea kuko chini, kuna joto, hewa ni nzito. Gari likiteremka pale, likapakiwa magunia, likaanza kuupanda ule mlima wa kutoka Sagana hadi Karatina likiwa na kompresheni ya kumi, lingepiga kelele ile ile aliyoniigizia kwa mdomo. Alikuwa ametuambia yote. Aliyajua kwa masikio, kutokana na miaka ya kuupanda mlima huo na kusikiliza.

Lakini hilo silo lililonifanya niegemeze kichwa magotini pake mbele ya fundi. Nilikuwa nikidhani tunatengeneza gari ili apate kitu cha kuketia. Kumbe yeye alikuwa anajiandaa kusafiri.

"Sawa, mama," fundi akasema, akajifanya anatafuta spana. "Tutaishusha. Nane na nusu, inakutosha?"

"Inatosha," mama akasema, akanipangusa kichwa na mkono uliojaa mafuta ya taa.

Kuishusha kulimaanisha kuongeza nafasi juu ya pistoni, kutoka hamsini na moja hadi sitini na kidogo. Sehemu tuliipata kwa gasketi nene zaidi, ambayo fundi aliiagiza kwa rafiki yake wa mji wa Kenol. Sehemu iliyobaki ilichongwa kwenye pistoni zenyewe: fundi wa leithi, ile mashine ya kuchongea chuma, alipima kwanza unene wa kichwa cha pistoni, akahakikisha ni wa kutosha, kisha akachonga kisahani chenye kina kidogo juu ya kila moja, laini kama cha kikombe. Zilipoletwa tulizipima tena kwa sirinji na mafuta ya taa, na mama akahesabu. Hizo zilikuwa namba ndogo, akazimaliza mara moja akataka zaidi. Nikamwacha ahesabu na vijiko jikoni jioni ile, na maharagwe, na vifungo vya sweta yangu nikiwa nimeivaa.

Injini ilifungwa. Siku ya kuiwasha, fundi aliniambia niingie, lakini mimi nilimpa mama ufunguo. Alikaa upande wa dereva, akaukalisha mkono wa kulia kwenye usukani kama kawaida yake, akapitisha wa kushoto chini yake akazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikanyamaza. Fundi akarekebisha kitu, akaashiria tena. Safari ya pili ikashika, ikanguruma, kuku wakaruka kutoka nyuma, na moshi wa bluu wa mafuta ya kufungia injini ukapita juu ya ua hadi kwa jirani. Mama hakufurahi kwanza. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, muda mrefu. Ndipo akaniangalia akasema, "Mzuri." Sijui kama alimaanisha injini au fundi au mimi.

Tuliizoesha polepole, Nyeri mjini na kurudi, Kiganjo na kurudi. Kisha tukateremka Mwea. Mimi niliendesha. Mama alivaa kitambaa chake kipya cha kichwa na alikaa wima njia nzima kama mtu anayepelekwa kutoa ushahidi. Tulipofika Wang'uru, kwenye vinu, nilidhani hakuna atakayemkumbuka, na kwa kweli wengi walikuwa wapya. Lakini mwanamke mmoja mwenye duka la mchele alitoka akisema, "Huyu si yule mama wa Nyeri?" akaja dirishani akamshika mkono. Ule wa kulia. Hakujua. Mama alimwacha aushike, akasema, "Niko. Niko na gari." Wakaanza kuulizana habari, mmoja kwa maneno yote na mwingine kwa machache, na sikuingilia. Mama alipakiliwa magunia ya pishori, ule mchele unaonukia. Alinusa kiganja kimoja cha kila gunia kabla halijapandishwa, akakataa moja.

Kwenye mlima baada ya Sagana, nilibadilisha gia nikakanyaga. Jua lilikuwa kali na mzigo ulikuwa mzito. Niliisikia injini ikivuta, sauti moja, nene, bila punje hata moja kwenye bati. Juu kidogo kabla ya Karatina mama alilegeza mabega.

Hajarudi kuwa alivyokuwa. Madaktari waliniambia, na mimi mwenyewe nilijua. Mkono haujaamka. Maneno mengi yamerudi, mengine yamekataa, na bado akichoka ananiita kwa jina la dada yake. Lakini mwisho wa mwezi tunateremka, yeye na mimi, kwa magunia machache tu ya kuwauzia majirani na watu wa kanisa. Sagana tunasimama kula samaki wa kukaanga, na ninamtolea miba kwanza. Wakati wa kurudi huwa analala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo. Nimeyajua matuta yote ya barabara hiyo sasa. Nikiyakaribia napunguza mwendo mapema, na magari ya nyuma yakipiga honi nayaacha yapige.